Gemu za konsoli ambazo hazikufika sokoni: yanayosemwa na yaliyotokea

Mwaka 1995 kampuni ya Matsushita, mwenye chapa ya Panasonic, ililipa dola milioni 100 kununua haki za M2, teknolojia ya konsoli mpya ya gemu, kutoka kampuni ya Marekani iitwayo 3DO. Mwaka 1997 ikaachana na mpango huo bila kuuza hata konsoli moja ya nyumbani. Tangu hapo uvumi haujakauka, na kila mpenzi wa gemu za zamani ana orodha yake ya zile "zilizopotea" pamoja na M2. Mengi kati ya hayo hayasimami ukiyachunguza, na yaleyale husemwa kuhusu mashine nyingine zilizofia njiani.

"Konsoli ikifa, gemu zake hufa nayo"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Studio ikishawalipa wachoraji, watunzi wa muziki na waandishi wa programu kwa mwaka mzima, haiitupi kazi hiyo kwa sababu tu mwenye mashine amebadili nia. Inatafuta pa kuipeleka.

D2, gemu ya kutisha ya Kenji Eno na studio yake ya Warp, ilikuwa ikitengenezwa kwa ajili ya M2. Ikahamia Dreamcast, konsoli ya Sega, na kutoka Japani Desemba 1999. ClayFighter ya tatu nayo ilipangiwa M2, ikaishia kwenye Nintendo 64 mwaka 1997 kwa jina la ClayFighter 63⅓. Secret of Mana ya kampuni ya Square ilianza ikilengwa kwa kisomaji cha CD ambacho Super Nintendo ingeongezewa. Kifaa kilipofutwa, ikabidi gemu ipunguzwe ili itoshe kwenye katriji, ikatoka mwaka 1993. Wengi wanaoihesabu kati ya gemu bora za enzi ile hawajui kwamba wanachokisifu ni kilichobaki baada ya kukatwakatwa.

Pengine wanaohama ni watu, si gemu. Konix, kampuni ya Wales iliyojulikana kwa vidhibiti vya kuchezea, ilitangaza mwaka 1989 konsoli iitwayo Multisystem, ambayo ungeweza kuigeuza iwe usukani wa gari, mikono ya pikipiki au usukani wa ndege. Jeff Minter, mtengenezaji wa gemu, alikuwa akiitengenezea toleo jipya la Attack of the Mutant Camels. Fedha zikaisha, mashine ikabaki kwenye kurasa za magazeti. Lakini wahandisi wa kampuni ya Flare waliobuni chipu zake ndio waliokuja kubuni konsoli ya Atari Jaguar ya mwaka 1993, na gemu inayotajwa kwanza Jaguar inaposifiwa ni Tempest 2000 ya mwaka 1994, kazi ya Minter huyohuyo.

"Ikihamishwa, inabaki gemu ileile"

Sivyo, na D2 inatosha kuwa shahidi. M2 ilikuwa na prosesa mbili za PowerPC 602, kila moja ya megahezi 66. Dreamcast inatumia prosesa ya Hitachi SH-4 na chipu ya picha ya PowerVR. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya ile ya kwanza haina maana yoyote kwa ya pili, kwa hiyo Warp ilianza upya. Jina likabaki, mhusika aitwaye Laura akabaki, ila hadithi ikawa nyingine: ajali ya ndege na safari ndefu katika theluji ya Canada. Anayesema D2 ilitoka hajakosea. Anayesema D2 ya M2 haikutoka kamwe naye yuko sahihi, na kwa maoni yangu yeye ndiye aliye karibu zaidi na kiini cha jambo.

"M2 haikuwahi kutumika popote"

Konsoli haikutoka, teknolojia ilitoka. Kampuni ya gemu ya Konami iliiweka kwenye mashine za kumbi za michezo: Polystars na Total Vice mwaka 1997, kisha Battle Tryst na Evil Night mwaka uliofuata. Gemu hizo zilisoma data moja kwa moja kutoka kwenye CD, jambo lililozifanya zichelewe kupakia na kuvichosha visomaji vya diski, kwani mashine ya ukumbini huwaka kutwa nzima. Panasonic nayo iliuza vifaa vya M2, FZ-21S na FZ-35S, kwa matumizi ya kibiashara kama vile vibanda vya maelezo.

"Orodha ya gemu zilizotangazwa ni orodha ya gemu zilizotengenezwa"

Hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Jina la gemu kwenye tangazo linaweza kumaanisha diski iliyokamilika, au onyesho fupi, au karatasi mbili za wazo, au saini tu ya mchapishaji aliyekubali "kuiunga mkono" mashine. Picha nazo hazithibitishi kitu: miaka ile zilichorwa mara nyingi kwenye kompyuta za gharama kubwa, konsoli yenyewe ikiwa bado haijawa tayari. Ukikuta orodha ndefu ya gemu za konsoli iliyofutwa, uliza kila moja ilionekana wapi ikichezwa. Orodha itafupika haraka.

Kwa M2, gemu ya nyumbani inayojulikana kuwa ilikaribia kabisa kukamilika ni IMSA Racing, ya mbio za magari. Nakala yake ilivuja na watu wameicheza. Kuvuja huko kumezaa dhana nyingine, kwamba gemu isiyotoka haina mwenyewe. Hakimiliki haingoji gemu itoke dukani. Kampuni ya 3DO ilipofilisika mwaka 2003, mali zake ziliuzwa kama mali nyingine yoyote. Jina la mfululizo wa gemu za Might and Magic pekee liliigharimu kampuni ya Ubisoft dola milioni 1.3.

"Ilifutwa kwa sababu ilikuwa dhaifu"

Kwa karatasi, M2 haikuwa na la kuonea haya mbele ya PlayStation. Tatizo lilikuwa hesabu. Konsoli ya kwanza ya 3DO iliuzwa dola 699 mwaka 1993, kwa sababu kampuni ya 3DO haikuunda mashine yenyewe. Ilitoa leseni kwa viwanda kama Panasonic, na 3DO ikachukua mrabaha wa dola 3 kwa kila diski ya gemu. Kiwanda kisichopata kitu kwenye gemu sharti kipate faida kwenye mashine. Sony ilikuwa na njia yake: PlayStation iliingia Marekani mwaka 1995 kwa dola 299, faida ikitafutwa kwenye gemu. M2 ikiwa mikononi mwa Matsushita peke yake ingeweza kufuata njia hiyo, lakini kufikia 1997 Sony na Nintendo walikuwa wameshajikita, na Matsushita haikuwa na gemu zake za kuvutia wanunuzi. Ikatazama gharama ya kupigana, ikajitoa.

Kuhusu wanaodai kwamba mashine zote za namna hii zilikuwa utapeli, wamechanganya na konsoli ya Phantom ya kampuni ya Infinium Labs, ambayo kiongozi wake wa zamani alishtakiwa mwaka 2006 na mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa. Hiyo ni hadithi nyingine kabisa.

"Zelda za CD-i zilikusudiwa Super Nintendo ya CD"

Juni 1991, Sony ilitangaza mashine yake ya CD iliyoshirikiana na Nintendo. Kesho yake Nintendo ikatangaza kwamba itafanya kazi na Philips. Makubaliano hayo ndiyo yaliyoipa Philips ruhusa ya kuwatumia wahusika wa Nintendo, na gemu mbili za Zelda, mfululizo maarufu wa Nintendo, za mwaka 1993 zilitengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya CD-i, mashine ya CD ya Philips. Ubaya ambao gemu hizo zinasemwa nao usisukumiwe mashine ambayo haikuzaliwa.

"Mashine ya majaribio ilipopatikana, gemu zake zilipatikana"

Mashine moja ya Sony na Nintendo ilijitokeza hadharani mwaka 2015, na Machi 2020 ikauzwa mnadani kwa dola 360,000. Tundu lake la katriji linacheza gemu za kawaida za Super Famicom, jina la Super Nintendo huko Japani. Diski ya gemu ya CD ya enzi ile haikukutwa nayo. Gemu ya CD iliyoandikwa kwa ajili ya mfumo huo na ambayo watu wanaijua, Super Boss Gaiden, ni kazi ya wapenzi wa gemu walioitengeneza zaidi ya miaka 20 baada ya kampuni hizo mbili kuachana.