Lenzi ya Jicho la Mtoto Ikihama: Kabla Hujadai Upasuaji

Kliniki yetu ya macho ya watoto inapokea lalamiko moja tena na tena: "Lenzi ya mwanangu imehama, mbona mnampa miwani badala ya kumwekea nyingine?"

Lenzi ni kioo cha asili kilichomo ndani ya jicho, nyuma ya mboni. Ikihama kidogo, miwani hutosha kwa miaka. Tunapasua pale ukingo wake unapokata katikati ya mboni na miwani haisaidii tena. Ikiangukia mbele na kupandisha presha ya jicho, hiyo ni dharura.

Wengine hupata tatizo hili kwa kupigwa jiwe au fimbo, wengine kwa maradhi ya kurithi kama Marfan, yenye watoto warefu wa vidole vyembamba. Hao lazima wapimwe moyo kwa eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti, kabla ya nusukaputi, kwani mshipa mkuu wa damu huweza kuwa umetanuka. Wenye homosistinuria, ugonjwa mwingine wa kurithi unaohamisha lenzi, damu yao huganda kwa urahisi, nao wana vipimo vyao. Bila majibu hayo hatutoi tarehe, hata mzazi akija na barua ya nani.

Siku ya upasuaji, chakula kikome masaa sita kabla ya upasuaji, maziwa ya mama masaa manne kabla, maji matupu masaa mawili kabla. Mtoto aliyelishwa hata kipande cha andazi huondolewa kwenye orodha na kupangiwa upya. Fomu ya ridhaa husainiwa na mzazi au mlezi wa kisheria. Jirani aliyemsindikiza hawezi.

Hatubadilishi jicho. Tunaondoa lenzi tu. Na kwa kuwa mfuko wake nao umelegea, lenzi bandia hubanwa kwenye sehemu ya jicho yenye rangi au kufungwa kwenye ukuta mweupe. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi, la mtu mzima 23 au 24. Kwa hiyo kipimo cha leo kitabadilika, na miwani itaendelea kuvaliwa. Wapo watoto tunaowaacha bila lenzi bandia kwa makusudi, wakavaa miwani mizito.

Tunachokihofia zaidi ni ubongo. Kabla ya miaka 7 au 8 bado unajifunza kuona, na huliacha jicho linaloleta picha ya ukungu. Maziwa ya mama na maji ya majani yanayotiwa machoni hayarudishi lenzi; yanapoteza muda huo wa kujifunza tu, na yanaweza kuleta vidonda. Ili ubongo usiliache jicho lililopasuliwa, baada ya upasuaji tunaagiza lile jingine linaloona vizuri lizibwe kwa saa kadhaa kila siku. Mtoto atalia. Lizibeni.

Akisema anaona vimulimuli, vidoa vyeusi au kitu kama pazia, mleteni siku hiyo hiyo, msisubiri tarehe ya kliniki.