Paulo alisahau nini hasa?

Kila Januari andiko la Wafilipi 3:13 hupanda mimbarini: "nikiyasahau yaliyo nyuma, nikiyachuchumilia yaliyo mbele." Nimefundisha waraka huu chuoni kwa miaka mingi, na kila nikiwauliza wanafunzi Paulo alikuwa anasahau nini, jibu la kwanza huwa dhambi zake, la pili machungu yake. Basi nawaambia warudi mstari wa 5. Ametahiriwa siku ya nane, wa kabila ya Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, Farisayo. Orodha hiyo ni ya heshima tupu, mambo ambayo mtu wa kwao angeyasimulia kifua mbele. Tena anayataja moja baada ya jingine bila kukosea, kwa hiyo kichwani mwake yangalimo. Alichokataa ni kuendelea kuyategemea.

Sisi wachungaji tunawahimiza watu waachilie yaliyowaumiza, na tunafanya vema. Ila yaliyokuwa matamu hatuyagusi. Mtu anaweza kukaa miaka kumi akiishi katika enzi zake nzuri, nasi tukadhani ni shukrani.

Mzee mmoja wa usharika wetu, zamani kiongozi wa kwaya, alinifuata baada ya ibada akiwa na boksi la kaseti. Nilimwamkia, akaitikia, akaniwekea boksi mezani. Kila kaseti ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, jina la wimbo na tarehe. "Mchungaji," akasema, "Mungu alikuwa enzi zile. Hawa vijana na kinanda chao, mimi siwawezi." Alikuwa ameacha kuja mazoezini, kisha akaanza kukosa hata ibada.

Sikubishana naye. Nilimwomba anionyeshe kaseti anayoipenda kuliko zote. Akaitoa bila kutafuta, akakaa nayo mkononi. Mwimbishaji wa sauti ya kwanza katika wimbo ule alikuwa marehemu mkewe.

Tangu siku ile, mtu akiniambia kwamba zamani kulikuwa kuzuri, huwa namuuliza kwanza ni nani aliyekuwepo zamani hiyo. Mara nyingi tunachokiita kupenda ya kale ni msiba ambao haujaliliwa ukaisha.

Lakini kumbukumbu nayo hudanganya. Katika Hesabu 11 Waisraeli jangwani wanakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Wanasema samaki wale waliwala "bure". Watumwa waliofyatua matofali chini ya wasimamizi wenye kuwapiga, wanasema walikula bure! Ladha ya kitunguu imebaki mdomoni, alama za fimbo mgongoni zimesahauliwa. Na kwa sababu ya Misri hiyo ambayo haikuwahi kuwepo, mana ya asubuhi ile ikawachukiza.

Andiko nililomsomea mzee wangu lakini ni Ezra 3. Hekalu la Sulemani lilibomolewa mwaka 586 KK. Watu wakarudi kutoka Babeli, na msingi mpya ulipowekwa, wazee walioiona nyumba ya kwanza wakalia kwa sauti kuu, huku wengine wakipiga kelele za furaha, hata sauti hizo mbili zisiweze kupambanuliwa. Hakuna aliyewakemea wale wazee. Napenda sana kwamba Biblia imewaacha walie palepale, mbele ya mawe mapya.

Kazi ikaja kusimama. Mwaka 520 KK nabii Hagai akasimama akauliza ni nani aliyebaki ambaye aliiona nyumba hii katika utukufu wake wa kwanza, na kama sasa haionekani si kitu. Mungu anakubali kwamba ya kwanza ilikuwa nzuri. Kisha anawaambia wawe hodari wafanye kazi, kwa maana yeye yu pamoja nao. Hawaahidi kuwarudishia siku za Sulemani. Anawaahidi kuwa nao katika jengo hilo dogo walilolidharau.

Ndiyo maana nalipenda neno kuchuchumilia. Umemwona mtoto akitaka kitu kilicho juu ya kabati: vidole vya miguu chini, visigino hewani, mwili wote umenyooka, macho hayabanduki. Kigiriki cha Paulo kina picha ya mwili uliojinyoosha kuelekea mbele, na watafsiri wetu wakapata neno linaloonyesha jinsi inavyochosha. Mtu haachi ya nyuma kwa kujikaza asiyafikirie. Anayaacha kwa sababu mikono yake ina jambo la kufikia.

Niliomba na mzee, akalia, nami nikalia. Nikamwomba awafundishe vijana wimbo mmoja tu wa kwenye kaseti ile. Alhamisi iliyofuata alikuja na nota zake za zamani, akaziandika upya ubaoni. Vijana wakauimba kwa kinanda, haraka kuliko alivyozoea, na sauti ya kwanza ikashikwa na binti wa kidato cha pili. Mzee alisikiliza ubeti mzima ameinamisha kichwa. Kisha akainua mkono, akawasimamisha.

"Sauti ya nne, mnashuka mno. Tuanze tena."