Dischaji vocha: saini inayofunga madai ya ajali

Gari limegongwa Mwenge, trafiki amekuja akapima, fomu za polisi zimejazwa, mtathmini wa bima amepiga picha kila kona. Wiki kadhaa zinapita, halafu simu inaita: malipo yako tayari, njoo usaini. Unafika ofisini, unasogezewa karatasi ya ukurasa mmoja yenye jina lako, tarehe ya ajali, kiasi cha fedha na mstari wa saini. Wengi huichukulia kama risiti. Si risiti.

Hiyo ndiyo dischaji vocha, au hati ya kukubali malipo. Uzito wake umo katika maneno machache: kwamba unakubali kiasi hicho kuwa malipo kamili na ya mwisho ya madai yote yaliyotokana na ajali ile, na kwamba kampuni, pamoja na mteja wake kama ndiye aliyekugonga, hawadaiwi tena. Ni mkataba. Kabla hujasaini, kilichoko mezani ni ofa tu. Ukishasaini, fundi akifungua gari kesho akakuta chesisi imepinda, hilo umelibeba wewe. Mahakama inaweza kuitengua hati kama ulidanganywa au ulilazimishwa, ila kazi ya kuthibitisha ni yako, na kusema hukuisoma hakukusaidii.

Wakati wa kupatana, basi, ni kabla ya saini. Na hapa ndipo huwa nashangaa: mtu anayeweza kuvutana nusu saa Kariakoo kwa shati la elfu 15 anapokea ofa ya milioni kadhaa bila hata kuuliza imepatikanaje.

Inapatikana hivi. Bima ya gari haikusudii kukutajirisha, inakusudia kukurudisha ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali. Gari likiwa halitengenezeki, kinachoangaliwa ni bei ambayo lingeuzwa siku ile, si uliyolinunulia. Kisha, kama unadai kwa bima yako mwenyewe, yanakuja makato: kile kiasi ambacho mkataba unasema utajilipia mwenyewe katika kila ajali, uchakavu pale spea mpya inapochukua nafasi ya kuukuu, na thamani ya mabaki kama umeamua kubaki nayo.

Kuna na kifungu cha wastani, ambacho huwaumiza wanaopenda kupunguza ada. Gari la milioni 20 ukalikatia bima kubwa kwa thamani ya milioni 15, kampuni itahesabu kuwa robo ya hatari uliibeba mwenyewe. Uharibifu wa milioni 4 utalipwa milioni 3, kabla ya makato mengine. Kifungu hicho kikiwamo kwenye mkataba wako, hesabu yenyewe haina mjadala. Kinachojadilika ni ile milioni 20 imetoka wapi.

Kwa hiyo omba ripoti ya mtathmini uone alichoandika mstari kwa mstari. Kama ameacha taa au ameweka ufundi kwa bei ya chini, peleka proforma, yaani makadirio ya bei, za gereji mbili tatu. Kama ni thamani ya gari, peleka bei za magari ya aina hiyo, mwaka huo, yaliyotembea kilomita zinazokaribiana. Andika barua, taja kiasi unachotaka na sababu yake, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kulalamika kwa simu hakusogezi kitu.

Kwa majeraha, haraka ni hatari zaidi. Bodi ya gari inanyooshwa ikaisha, lakini mguu uliovunjika unaweza kuhitaji upasuaji wa pili mwakani. Usikubali malipo ya mwisho kabla daktari hajaandika kama umepona au umebaki na ulemavu, na wa kiasi gani. Tunza PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na kila risiti ya hospitali, hata ya bodaboda ya kwenda kliniki. Kama fedha za gari zimekubalika na za mwili bado, dai vocha iandikwe wazi kuwa ni ya uharibifu wa gari tu. Sentensi hiyo moja inaokoa mengi.

Wakenya wana la ziada la kuangalia. Sheria yao ya bima ya magari, Sura ya 405, inaweka kikomo cha shilingi 3,000,000 kwa kila mtu aliyeumia ambazo kampuni inalazimika kulipa. Fidia ikizidi hapo, kinachobaki unamdai aliyekugonga mwenyewe. Ukisaini hati inayomwachilia na yeye, kinachobaki nacho umekisamehe. Hapo wakili anastahili ada yake.

Ile ya "tumalizane hapa hapa" barabarani ni ndugu wa vocha hii. Aliyegongwa anapokea laki 2 na kuandikishana kwenye boneti, kisha anaona bei ya shoo ya mbele. Aliyegonga naye akikiri kosa na kulipa bila kuitaarifu bima yake, kampuni inaweza kumkatalia baadaye.

Kampuni ikishikilia ofa yake, Tanzania unaweza kulipeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Anza kwa kuiandikia kampuni yenyewe upate jibu lao la maandishi. Siku ya kwenda, beba jibu hilo, mkataba wako, ripoti ya mtathmini, na ile vocha ikiwa bado haina saini yako.