Mbaazi Zimekataa Kutoa Maua? Kabla Hujasema Mbegu Feki, Soma Hapa

Msimu huu malalamiko ya mbaazi yametuzidi, na karibu yote yanafanana: "zimekuwa miti, maua hakuna, nimeuziwa mbegu feki." Feki zipo, sitabisha, ndo kazi yetu wakaguzi wa mbegu kuzikamata. Ila kwa picha nyingi tunazoletewa pakiti haina kosa lolote, kosa ni mbegu ya muda mrefu, yaani inayochelewa kukomaa, inayostawi kwenye ubaridi wa Babati na Karatu, kwenda kupandwa pwani kwenye joto, halafu mtu anahesabu siku kama alivyosimuliwa na shemeji yake.

Mbaazi haihesabu siku, inapima usiku, na inapimia kwenye majani. Ndani ya jani kuna protini zinazohisi mwanga, zinaitwa fitokromu, na kuna saa inayoendeshwa na jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kila kiumbe, ambayo inazunguka kila masaa 24, sasa hivi viwili vikikubaliana kwamba usiku umeshakuwa mrefu wa kutosha, jeni za kundi la FT zinawashwa na kutengeneza protini ndogo ambayo inasafiri kwenye mirija ya chakula kutoka kwenye jani mpaka ncha ya tawi, ikifika kule inashikana na protini nyingine iitwayo FD, na pale palipokuwa panatoka jani panaanza kutoka ua. Wanasayansi walihisi tangu miaka ya 1930 kwamba kuna kitu kinasafiri hivyo, wakakiita florijeni, lakini protini yenyewe imekuja kuonekana 2007, kwenye mpunga na kwenye kimmea cha maabara kinachoitwa Arabidopsis. Wenye mashamba ya maua ya krisanthemu Uganda wanalitumia hili kila siku, wanawasha taa usiku ili mimea ione usiku ni mfupi, isitoe maua, waendelee kukata vipando. Kwa hiyo soya au mpunga uliokaa chini ya taa ya barabarani ukichelewa kuliko wenzake, usimtafute mchawi.

Na jamani, nikisema jeni sijasema GMO, yale mazao yaliyobadilishwa jeni maabara! Kila kiumbe kina jeni, mbaazi ya bibi yako pia. Mtafiti akitoa mbegu ya muda mfupi amechagua mimea ambayo kiasili haingoji sana usiku urefuke, basi.

Sasa kwetu huku karibu na ikweta usiku haubadiliki sana. Babati tofauti kati ya Juni na Desemba ni kama nusu saa tu, Mtwara ni saa moja na kidogo. Hapo ndo joto linapokuwa na sauti kubwa, na hili watu wengi hawalijui kabisa. Mbaazi za muda mrefu zinaharakisha maua kwenye ubaridi wa nyuzi 18 hivi, za muda mfupi zinapenda joto la nyuzi 24 na kidogo. Kenya walilijaribu vizuri, mbegu zilezile zikapandwa Mtwapa pwani, Kiboko, Katumani na Kabete kwenye baridi. Za muda mrefu zikawahi Kabete na kuchelewa sana Mtwapa, za muda mfupi zikafanya kinyume chake. Ukiuliza mbegu ipi ni bora bila kutaja unalima wapi, hata mimi sina jibu.

Utajuaje basi kama ni mbegu au ni mahali? Ingia shambani uangalie mchanganyiko. Shamba zima likiwa la kijani, urefu unalingana, hakuna hata kitumba kimoja, hiyo mara nyingi ni saa ya mmea na hali ya hewa. Ukikuta mmea mmoja una maua ya njano, wa pembeni yake umeshafunga maganda, wa tatu umekupita kichwa na hauna dalili, tena wamechanganyikana kwenye mstari uleule, hapo mbegu haikuwa safi. Mara nyingi nyuki wamebeba chavua kutoka shamba la jirani, mbaazi inachavushwa hivyo sana, na ndo maana mbegu ya kujiwekea mwenyewe inaharibika mwaka hadi mwaka hata kama hakuna aliyekuibia.

Busta za maua mnazouziwa madukani haziwashi FT. Zingine ni mbolea ya kawaida tu kwenye chupa nzuri.

Ukiwa bado na shaka, fuata utaratibu. Kwanza usitupe pakiti. Lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, ibaki na namba yake baada ya kukwangua, risiti iwepo yenye jina la duka na tarehe, na kila unaponunua bakiza kiganja cha mbegu bila kupanda kwa ajili ya kipimo, bila hiyo mkaguzi anabaki na maneno yako tu. Andika tarehe ya kupanda. Mwone afisa ugani aandike alichokiona, halafu malalamiko yaje mimea ikiwa bado imesimama, maana kuna watu wanakuja wameshavuna wamechoma na mabua wanataka tuwakague nini! Sheria ya Mbegu ya 2003 na marekebisho yake inamgusa anayeuza mbegu isiyothibitishwa au yenye lebo ya uongo, ni kosa la jinai, faini au kifungo au vyote viwili. Lakini pia kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, ukisambaza taarifa unayojua ni ya uongo kwa nia ya kumchafua mtu ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, kwa hiyo punguzeni kupost picha ya duka la mtu kabla kipimo hakijarudi.

Na mliopanda za muda mrefu Novemba au Desemba kule Babati, msizing'oe Machi. Maua yake ni Mei na Juni, mavuno Agosti kwenda Septemba.