Tusipotuma Sampuli Hawapati Chanjo? Si Kweli

Kila mlipuko ukizuka naulizwa lilelile, na limenichosha: kwa nini maabara zetu zinatuma sampuli za magonjwa nje? Tuzizuie sampuli hizo, wa nje wakose chanjo, ndipo watatuheshimu.

Mwaka 2007 hoja hiyo ilikuwa na meno. Indonesia iligoma kutuma virusi vyake vya mafua ya ndege, H5N1, ilipobaini kuwa kampuni ya Australia inaandaa chanjo kutokana navyo, chanjo ambayo Indonesia haikuwa na uhakika wa kuipata. Mgomo ule ulichangia kuzaliwa kwa Mfumo wa PIP (wa kujiandaa na janga la mafua) wa Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2011: kiwanda kikipokea virusi, kinasaini kurudisha kitu, kwa mfano sehemu ya chanjo au dawa.

Lakini Januari 2020 wanasayansi wa China waliweka hadharani mpangilio wa jeni wa korona, na kampuni ya chanjo ya Moderna ya Marekani haikusubiri kirusi kivuke bahari, ikatumia mpangilio huo tu. Machi 16 mtu wa kwanza akachomwa chanjo yao ya majaribio. Friji utaifunga, sawa. Jeni zilizokwisha kupandishwa mtandaoni utazifungia wapi?

Pa kukomaa ni kwenye maandishi. Mkataba wa WHO kuhusu majanga ya magonjwa, uliopitishwa Mei 20, 2025, unataja vimelea pamoja na taarifa za jeni zake. Hilo ndilo la kulinda kwa nguvu zote. Madai mengine ninayosikia nayajibu hapa:

"Asilimia 20 ya chanjo tutapewa bure." Hapana. Asilimia 20 ya uzalishaji ndiyo inayolengwa kupelekwa kwa WHO wakati wa janga. Ya msaada wa bure ni angalau asilimia 10 ya uzalishaji, iliyobaki ni kwa bei nafuu.

"PIP inatulinda kwa Ebola." Hapana, ni ya mafua yanayoweza kuleta janga tu.

"WHO itatufungia nchi." Mkataba wenyewe umeikatalia mamlaka hayo.

Wenzangu wa maabara, ninyi nawasihi. Mkataba wa kuhamisha sampuli, yaani ule kati ya anayetuma na anayepokea, husainiwa kasha likiwa limeshafungwa, barafu kavu inapungua na dereva anapiga honi. Hapo nani atasoma? Ujadilini sasa, hakuna mlipuko: sampuli itatumika kwa kazi gani, nani mwingine ataipata, jeni zitapandishwa wapi na kwa masharti gani, na mtafiti wetu ataandikwa jina kwenye chapisho au ataishia kushukuriwa tu.