Goti la bandia laweza kuwa na maambukizi bila homa

Wengi huamini kwamba goti au nyonga ya bandia ikiingiwa na maambukizi, lazima mgonjwa apate homa na usaha utoke. Si kweli. Bakteria wa kawaida wa ngozi yetu hujibandika kwenye chuma na plastiki, wakajifunika utando na kukaa humo miezi, hata miaka. Dalili pekee huweza kuwa maumivu yasiyoisha, au kiungo kulegea.

Hata kipimo cha damu cha CRP, protini inayopanda mwili ukipambana na maambukizi, huweza kurudi kawaida. Ndiyo maana daktari huchoma sindano ndani ya kiungo na kuvuta majimaji: maabara huhesabu chembe nyeupe na kuotesha vijidudu, pengine kwa siku 14, maana baadhi huota polepole mno. Akifanyiwa upasuaji, huchukuliwa vipande kadhaa vya nyama. Kijidudu kilekile kikiota katika viwili, maambukizi yamethibitika.

Kinachoniuma ni antibayotiki kumezwa "kwa tahadhari" kabla ya sindano hiyo. Huwaficha bakteria bila kuwamaliza, majibu yakatoka safi kwa uongo. Kama hali si ya dharura, majimaji yavutwe kwanza. Aliyekwisha kuzianza, daktari wake huweza kumsimamishia kwa takriban wiki 2 kabla ya kumpima.