Je, Wajua Kwa Nini Umaarufu wa Ghafla Humgombanisha Mwanasoka Chipukizi na Watu Wake?

Katika vijiwe vya kahawa vya Kariakoo na Temeke, jijini Dar es Salaam, jibu la swali hili huwa fupi: kijana amelewa sifa. Wakati mwingine ni kweli. Hata hivyo, jibu hilo humtwisha mtu mmoja lawama ya jambo ambalo kwa sehemu kubwa hutokana na namna fedha za mpira zinavyoingia, muda wa mchezaji unavyobanwa, na jiji lenyewe lilivyogawanyika.

Fedha ndizo huleta ugomvi wa kwanza. Mchezaji anaposajiliwa na klabu kubwa hupata, mbali na mshahara wa mwezi, fedha za usajili, ambazo kiwango chake huanza kukisiwa redioni na mitandaoni hata kabla hajasaini. Shangazi wa Mbagala husikia tarakimu hizo. Hasikii kwamba malipo yanaweza kuja kwa awamu, kwamba wakala ana sehemu yake, wala kwamba kodi hukatwa. Kijana huyo amelelewa na ukoo na mtaa: nauli ya mazoezini ilitoka kwa mjomba, viatu vya kwanza kwa kaka, na siku ambazo nyumbani hakukupikwa alikula kwa jirani. Hakuna aliyeandika deni, lakini kila mmoja anakumbuka alichotoa, na kwa bahati mbaya wote hukumbuka wiki ileile. Akimpa huyu akamnyima yule, amependelea. Akiwaomba wote wasubiri, ana kiburi. Mimi siwalaumu ndugu kwa kutarajia, kwa sababu kusaidiana huko ndiko kulikomfikisha alipo. Tatizo ni kwamba utaratibu huo ulizoea kipato kinachojulikana na mwenye nacho peke yake, si kipato kinachojadiliwa na nchi nzima.

Isitoshe, ukoo huona ajira pale ambapo mchezaji anaona mkataba wenye tarehe ya mwisho. Kwa kanuni za FIFA, mkataba wa mchezaji kwa kawaida hauzidi miaka 5, na kwa aliye chini ya miaka 18 kikomo ni miaka 3. Goti likiumia, muda huo unaweza kumalizikia nje ya uwanja.

Kisha kuna kambi. Ligi Kuu huwapeleka wachezaji hadi mikoa ya mbali kama Mbeya, na mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, huwavusha mipaka, hivyo simu isiyopokelewa hutafsiriwa kuwa dharau. Mchumba wa tangu enzi za mchangani husoma maneno ya wanawake asiowajua chini ya picha za mwenzake, naye kijana huanza kushuku kila anayemkaribia. Rafiki wa zamani, aliyezoea kumwambia waziwazi kwamba leo umecheza vibaya, taratibu hupisha machawa, ambao kazi yao ni kusifu. Hasara hii naiona kubwa kuliko ya fedha.

Jiji nalo lina yake, kwa kuwa limegawanyika kati ya klabu mbili hasimu. Yanga iliasisiwa mwaka 1935 na Simba 1936, zote zina ngome zao karibu na Kariakoo, na ni kawaida familia moja kuwa na mashabiki wa pande zote mbili. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5–1, na siku chache baadaye Simba ikaachana na kocha wake, Roberto Oliveira. Ikiwa kocha mzoefu hakuvumiliwa, kijana wa miaka ishirini aliyekosa penalti hawezi kutarajia huruma: ataambiwa ameuza mechi, na anayemwambia anaweza kuwa binamu yake mwenyewe, mezani.

Mbwana Samatta, mshambuliaji wa Kitanzania, aliondoka Simba mwaka 2011, akiwa na miaka 18, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, kisha Genk ya Ubelgiji, kabla ya kujiunga na Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020. Umbali haufuti madai ya ukoo, lakini nadhani humpa kijana nafasi ya kukosea bila mtaa mzima kumtazama. Anayebaki Dar es Salaam hulazimika kujiwekea mpaka mwenyewe, pengine kwa kumteua mzazi au kaka mmoja apokee maombi yote ya fedha, na hapo ugomvi huhamia kwa huyo mteule.